Lugha ya Mlaghai na Usalama wa Mwanafunzi Mtandaoni

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii imekuwa nguzo ya malezi katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na hapana shaka imewaokoa wengi. Mtoto hufunzwa mapema kwamba mkubwa hakatizwi kauli wala haulizwi maswali mengi, akiagiza, hutiiwa. Lakini katika karne hii ya utandawazi, ambamo rununu imeingia hadi jikoni na tarakilishi hadi darasani, amezuka mkuu mwingine ambaye mtoto hamwoni uso. Hupiga simu au kutuma arafa, hujiita mwalimu, afisa wa benki au karani wa mikopo, na huagiza kwa sauti ile ile ya mzazi. Mtoto anayemsikia mkuu huyu ndiye anayevunjika guu.

Mfano mmoja unatosha. Kijana amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani akisubiri matokeo. Simu inalia. "Mwanangu, hongera kwa kumaliza mtihani. Hapa ni ofisi ya masomo ya juu. Tunawasajili watahiniwa mapema. Kuna nambari sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee taratibu, mwanangu." Kijana anasoma. Muda mfupi baadaye akaunti yake ya WhatsApp imehamia kwenye simu ya mtu asiyemjua, na shangazi zake, wajomba zake na wanafunzi wenzake wanapokea ujumbe kwa jina lake na picha yake: amekwama, anaomba shilingi elfu mbili, atazirudisha jioni.

Katika kisa cha aina hii hakuna mtambo uliovunjwa wala kufuli lililotekuliwa. Nambari sita zile ndizo hutumwa wakati wowote mtu anapojaribu kuifungua akaunti ya WhatsApp katika simu mpya; mwenye kuzitaja huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe. Mlaghai aliiandika nambari ya kijana katika simu yake mwenyewe, kisha akahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kijana huyo kufungua kinywa. Kilichomfungulia mlango ni sentensi tano za Kiswahili kisicho na dosari, zilizopangwa kwa upole na kwa heshima.

Hapa ndipo penye suala linalowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Wizi wa akaunti na ulaghai wa utambulisho umezoeleka kujadiliwa kama tatizo la mitambo, na dawa yake ikatafutwa kwa wataalamu wa tarakilishi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ulaghai unaowafikia wanafunzi wa Kenya ni tukio la lugha kabla ya kuwa tukio la teknolojia. Mlaghai ni mtumiaji stadi wa lugha. Anayafahamu mazingira ya mazungumzo, uhusiano wa wahusika, na uzito wa neno moja mahali pake. Iwapo silaha yake ni lugha, basi ngao ya mwanafunzi nayo ni lugha, na somo la Kiswahili haliwezi kuendelea kukaa kando kama mtazamaji.

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Wizi wa akaunti ni kumnyang'anya mtu ufunguo wa mahali anapojulikana kama yeye: barua pepe, mtandao wa kijamii, tovuti ya shule au ya mkopo. Ulaghai wa utambulisho ni kulitumia jina la mtu, nambari zake au picha yake kujifanya yeye, au kujifanya mtu aliye karibu naye, ili kujipatia mali au nafasi isiyo ya haki. Mambo haya ni kama kuku na yai. Akaunti iliyoibwa huzaa ulaghai wa utambulisho, na taarifa za utambulisho zilizovuja huzaa wizi wa akaunti nyingine.

Mwanafunzi amewekwa katika hatari hii na mazingira yake mwenyewe. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na zina sababu zake. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huingia mtandaoni kwa simu ya kuazima: ya mzazi, ya binamu, ya rafiki wa mtaani. Akimaliza huirudisha simu na kuisahau akaunti ikiwa wazi. Aidha, anapomaliza shule na kuhitaji kujaza fomu za chuo na za mkopo wa HELB, huenda kwa mhudumu wa saibakafe. Mhudumu humfungulia akaunti, humchagulia nywila, huiandika katika daftari lake ili "isipotee", na pengine huifungua akaunti hiyo kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe. Wahudumu wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki. Lakini daftari lile hukaa mezani, na kila anayepita huliona. Waliosema usimwage mtama kwenye kuku wengi waliliona jambo hili zamani.

Isitoshe, asasi zenyewe zimewahi kutoa funguo zisizo za siri. KUCCPS ni shirika linalowapangia wahitimu wa kidato cha nne nafasi katika vyuo. Kwa miaka kadhaa mwanafunzi aliifungua akaunti yake katika tovuti ya shirika hilo kwa kutumia nambari yake ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani na, mahali pa nywila, nambari ya cheti chake cha kuzaliwa au nambari yake ya mtihani wa KCPE. Karani wa shule ya sekondari anazo nambari hizo. Mwalimu wa darasa anazo. Mwenzake aliyejaza fomu kando yake huenda naye anazo. Mtu anayeingia katika akaunti hiyo muda wa kuchagua kozi ukiwa bado wazi anaweza kubadilisha chaguo la uuguzi likawa la kozi ambayo mwenye akaunti hakuiwazia kamwe. Hasara ya shilingi elfu mbili huuma, ila hufidiwa. Nafasi ya chuo iliyopotea kwa mkono wa mtu mwingine ni ndoto ya familia nzima, na pengine ya kijiji.

Tuseme basi asasi zimerekebisha mitambo yao. Mlaghai angali na ulimi wake. Ni nini hasa kilichomo katika lugha yake?

Ujumbe mmoja umejulikana mno nchini Kenya kiasi cha kuwa mzaha: "Ile pesa tuma kwa nambari hii." Wanaoucheka ujumbe huu hawajauchunguza. Neno "ile" ni kiashiria ambacho hudokeza kwamba mzungumzaji na msikilizaji wanakijua kitu kimoja. Mlaghai hajui lolote kuhusu pesa zozote. Anaiacha nafasi tupu, na msikilizaji ndiye anayeijaza kwa deni lake halisi: karo aliyoahidi, kodi ya nyumba, mchango wa harusi. Ujumbe hauna salamu wala jina, na kwa hivyo unafanana na ujumbe wa mtu wa karibu asiye na haja ya kujitambulisha. Kitenzi kiko katika hali ya kuamrisha, nacho kinadai kitendo mara moja. Maneno sita yamefanya kazi ambayo insha ya kurasa mbili isingeifanya.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni hupigiwa simu na mtu anayejiita mwalimu wa zamu. Humtaja mtoto kwa majina yake yote, kidato chake na bweni lake, kisha hueleza kwamba ameanguka ghafla na hospitali inataka malipo ya kwanza kabla ya kumhudumia. Sauti ina wasiwasi, na nyuma yake husikika makelele. Mzazi hutuma pesa. Mtoto yuko darasani, mzima kabisa, wala hana habari kwamba jina lake limeuzwa. Katika ulaghai huu taarifa ndogo ndogo, ambazo shule huzibandika ukutani au kuzisambaza katika makundi ya wazazi, hugeuka kuwa ushahidi. Jina kamili likitajwa na bweni likatajwa, mzazi haulizi tena.

Mifano hii inaonyesha sajili iliyo na kaida zake kama zilivyo sajili za mahakamani, za hospitalini na za matangazo ya biashara. Ina uharaka: "sasa hivi", "kabla ya saa kumi", "akaunti itafungwa". Ina cheo kisichothibitishwa: "afisa", "makao makuu", "ofisi". Ina nasaba ya kubuni: "mwanangu", "mama", "ndugu". Ina sharti la usiri: "usimwambie mtu kwanza". Na mwishoni ina ombi dogo linaloonekana halina madhara: nambari chache, kubofya mara moja, kuthibitisha tu. Mwanafunzi wa isimujamii anayeweza kuzitaja sifa za lugha ya mnadani anaweza pia kuzitaja hizi. Jambo la kusikitisha ni kwamba anafundishwa za mnadani, ambako huenda asikanyage maishani, na za ulaghai anaachiwa ajifunze kwa hasara.

Kuna pia tatizo la istilahi, nalo si dogo. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa dhana moja: nywila, nenosiri, neno la siri, nambari ya siri, na wengine husema PIN tu. Wingi wa visawe si dhambi. Ni utajiri wa lugha. Tatizo hutokea pale ambapo dhana iliyo hatari zaidi haina jina linalojulikana. Zile nambari sita zinazoingia kwenye simu huitwa msimbo na wengine, kodi na wengine, nambari ya uthibitisho na wengine, na walio wengi hawaziiti lolote. Mtoto ameambiwa mara mia kwamba asimpe mtu nywila yake. Anatii. Mlaghai naye haombi nywila. Anaomba "nambari ya usajili". Mtoto anazisoma zote sita kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hizo nazo ni nywila, tena nywila inayotumika mara moja na kumkabidhi mpokeaji akaunti nzima. Kitu kisicho na jina hakikataliwi. Kazi ya kukipa jina ni ya wanaisimu, na jina likishapatikana lienezwe hadi limfikie mtoto wa darasa la nne.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba mambo haya ni ya mwalimu wa tarakilishi, na kwamba lugha ya tarakilishi ni Kiingereza. Pingamizi hili lina sehemu ya ukweli. Mwalimu wa tarakilishi ndiye anayejua kuufungua uthibitishaji wa hatua mbili, ulinzi ambao humtaka mwingiaji atoe ufunguo wa pili baada ya nywila, na ambao kila mwanafunzi mwenye akaunti anapaswa kuwa nao. Lakini shule ngapi za vijijini zina mwalimu huyo? Mwalimu wa Kiswahili yumo katika kila shule. Ama kuhusu Kiingereza, masharti ya matumizi ambayo mtoto huyakubali kwa kubofya kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na maonyo mengi ya taasisi nayo hutolewa kwa Kiingereza. Mlaghai hafanyi kosa hilo. Huzungumza Kiswahili na bibi, Sheng na kijana, na lugha ya mama na anayeielewa zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Inashangaza kwamba mhalifu ameitambua thamani ya lugha hii kuwahi wanaostahili kuwalinda raia.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kumtwika mtoto mzigo wote. Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazuia taarifa za mtoto kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Adhabu hiyo iliwakumbusha walimu wakuu kwamba picha na majina ya watoto si mapambo ya kuvutia wateja.

Funzo jingine limetoka mbali. Mnamo Desemba 2024 mfumo wa PowerSchool, unaotumiwa na shule za Marekani na Kanada kuhifadhi rekodi za wanafunzi, uliingiliwa na mtu aliyetumia vitambulisho vya kuingilia vilivyoibwa. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema taarifa zilizochukuliwa ziliwahusu wanafunzi zaidi ya milioni 60. Aliyekiri kosa hilo mwaka 2025 alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 19. Hakuna hata mtoto mmoja kati ya mamilioni hao aliyekosea. Aliyeitunza siri yake vyema na aliyeitangaza waliathirika sawa, kwa kuwa ufunguo ulioibwa ulikuwa wa watu wazima. Kwa hivyo shule inayomwonya mwanafunzi juu ya nywila huku daftari la nywila za darasa zima likiwa wazi katika chumba cha walimu inafanana na mlinzi anayemkagua mgeni langoni wakati ua wa nyuma umebomoka.

Somo la Kiswahili linaweza kufanya nini? La kwanza, lugha ya ulaghai iingizwe katika mafunzo ya sajili. Mwalimu hahitaji kitabu kipya. Arafa za namna hiyo zimejaa katika simu za wazazi. Zikiletwa darasani, majina na nambari zikafutwa, wanafunzi watazichambua: nani anazungumza, anadai cheo gani, ni neno lipi linaloharakisha, ni ombi lipi limefichwa mwishoni. La pili, uandishi wa kiuamilifu, ambao katika mtihani wa KCSE umekuwa swali la lazima katika karatasi ya insha, utumike kwa uamilifu wa kweli. Badala ya kuandika tahadhari kuhusu jengo la kubuni, mwanafunzi aandike tahadhari itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule yake kuhusu nambari sita zile. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Mwalimu wa Kiswahili hatakuwa anavamia shamba la mtu.

La tatu, na pengine lililo gumu zaidi, ni kuwafundisha watoto kukataa kwa adabu. Jamii imewapa watoto msamiati mpana wa kutii na msamiati finyu wa kukataa. Mtoto anayeogopa kuonekana mkosefu wa heshima atamsomea mlaghai chochote. Apewe maneno: "Samahani, nitaongea na mzazi wangu kwanza kisha nitapiga mwenyewe kwa nambari ya ofisi." Kauli hii haimtukani yeyote. Afisa wa kweli ataikubali. Mlaghai ataikasirikia, na hasira yake itakuwa ushahidi dhidi yake. Mazungumzo ya aina hii yaigizwe darasani hadi yazoeleke kama salamu.

La nne linawahusu wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni moja kwa moja. Fomu za idhini ambazo shule huwapa wazazi, maonyo ya taasisi za mikopo na ya kupanga nafasi, na maelekezo ya kuziokoa akaunti zilizoibwa yanahitaji tafsiri iliyo sahihi na inayoeleweka. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuianza muhula huu, na itawafaa watu kuliko kutafsiri kwa mara ya kumi ile ile aya ya zoezi la darasani.

Hatimaye, mtoto aliyekwisha kudanganywa asiachwe peke yake. Aibu ndiyo mshirika mkubwa wa mlaghai. Mwathiriwa hunyamaza akihofia kuitwa mjinga, na katika muda huo wa kunyamaza mwizi huendelea kuomba pesa kwa jina lake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeporwa akaunti ya WhatsApp na angali na laini yake anaweza kuisajili upya nambari yake katika simu yake. Nambari mpya za uthibitisho zikiingia na akazitumia yeye, mwizi hutolewa. Awaarifu jamaa zake upesi, abadilishe nywila ya barua pepe na ya kila mahali alipoitumia ile ile, na mzazi apige ripoti kwa polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, katika kifungu cha 29, inakufanya kuitumia kwa hila nywila au alama nyingine ya kipekee ya utambulisho wa mtu mwingine kuwa kosa la jinai. Mtoto akijua kwamba aliyekosea ni mwizi, si yeye, atasema mapema.

Methali ya wahenga haijapitwa na wakati. La mkuu lazima lisikike. Kilichobadilika ni kwamba mtoto wa leo anahitaji kwanza kufunzwa kumtambua mkuu, kwa maana wanaojiita wakuu wamekuwa wengi na nyuso zao hazionekani. Alama moja inatosha kuwatenga: mkuu wa kweli hamwombi mtoto siri yake. Mwalimu wa Kiswahili akilisema hilo darasani, kwa lugha ambayo mtoto anaiota usiku, atakuwa amefunga mlango ambao hakuna fundi wa tarakilishi awezaye kuufunga peke yake.